Uwezo wa Mcheza Kamari na Riziki ya Mbio za Farasi

Mbio za farasi nchini Uingereza hutegemea sana fedha za kamari. Kwa sababu hiyo, serikali ya huko ilipopendekeza mwezi Aprili 2023 kwamba wacheza kamari wakaguliwe uwezo wao wa fedha, waliotaharuki si wachezaji peke yao, bali pia wafugaji, wapanda farasi na wenye viwanja. Ili kuelewa sababu, yafaa kwanza tuifuate njia ipitwayo na fedha hizo.

Tuchukue mfano. Wachezaji waweka dau la pauni 100 katika kampuni moja, na baada ya mbio kampuni yawalipa washindi pauni 90. Pauni 10 zilizobaki ni faida ghafi ya kampuni. Hizo hizo ndizo hasara ya wachezaji kwa jumla. Tangu mwaka 2017, kampuni ambayo faida yake ghafi katika mbio za Uingereza yazidi pauni 500,000 kwa mwaka hutozwa asilimia 10 ya kiasi kilichozidi. Ushuru huo hugharimia zawadi za washindi, usimamizi wa mbio na utafiti wa maradhi ya farasi. Yaani, hasara ya mchezaji humlisha farasi.

Ukaguzi uliopendekezwa ulikuwa na ngazi mbili. Mchezaji akipoteza pauni 125 kwa mwezi, au 500 kwa mwaka, kampuni itazame kumbukumbu zilizo wazi kwa umma, kama vile kufilisika na hukumu za madeni. Akipoteza pauni 1,000 kwa saa 24, au 2,000 kwa siku 90, hali yake ichunguzwe kwa undani zaidi.

Lakini kiwango ni mfano wa chekeche: hupima ukubwa wa punje, hakijui ubora wake. Pauni 1,000 kwa tajiri ni fedha ya matembezi. Kwa kibarua ni kodi ya nyumba na chakula cha watoto.

Wenye mbio wanahoji kwamba mtu akidaiwa hati za benki ataacha kucheza, au atakimbilia kampuni zisizo na leseni, ambazo hazikagui wala hazilipi ushuru. Watu zaidi ya 100,000 walitia sahihi ombi la kupinga ukaguzi huo, na Bunge likalijadili Februari 2024. Wanaouunga mkono hujibu kwamba miongoni mwa wapotezao fedha nyingi wamo wanaozama katika madeni, na mchezo haustahili kuendeshwa kwa maangamizi yao.

Hapa msomaji atambue jambo moja. Ushuru ukipungua, daftari la hesabu halisemi ni kwa nini. Huenda mtu ameokolewa na ufukara. Huenda tajiri amehamia soko la magendo. Katika daftari, mambo hayo mawili hufanana kabisa. Kwa hiyo, anayetaka kuupima ukaguzi huu kwa haki asiulize tu ni kiasi gani kimepungua, bali aulize pia kilikuwa cha nani, na sasa kimekwenda wapi.