Fizikia ya jokofu la Magamba na gata ya Ziba: Mwanafunzi anapojifunza kwa mikono yake

MVUA ya milimita 30 inaponyesha juu ya paa la bati la chumba kimoja cha darasa katika kata ya Ziba, wilayani Igunga, mkoani Tabora, zaidi ya lita 2,000 za maji humwagika chini ya ukuta na kupotelea ardhini. Miezi michache baadaye, kiangazi kikishika katika nyanda hizi kavu, ndoo moja ya maji huwa ni kitu cha kuhesabiwa.

Wanafunzi wa kidato cha pili au cha tatu wakitakiwa kubuni njia ya kuyakinga maji hayo, watakuwa wamepewa kazi kamili ya uhandisi: kuna tatizo, kuna vipimo, kuna vifaa visivyotosha, na kuna uwezekano mkubwa wa kukosea. Kazi za namna hiyo zimeanza kupewa uzito mpya nchini tangu utekelezaji wa mitaala iliyoboreshwa ulipoanza mwaka 2024, ambapo elimu ya sekondari imegawanywa katika mikondo miwili, wa jumla na wa amali.

Swali ambalo makala haya yanalichunguza ni dogo, lakini ndilo linaloamua kama kazi hizo zitakuwa elimu au zitakuwa kibarua tu: kazi ikiisha, kichwani mwa mwanafunzi hubaki nini?

Jibu mojawapo lilipatikana katika nchi hii zaidi ya miaka 60 iliyopita, ndani ya jokofu la shule.

Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari Magamba, mkoani Tanga, mwanafunzi wa kidato cha tatu aitwaye Erasto Mpemba (Mpemba hapa ni jina lake, si kabila) alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Utaratibu wao ulikuwa kuchemsha maziwa, kuyachanganya na sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyaweka kwenye jokofu. Nafasi ndani ya jokofu ilikuwa ndogo na wanafunzi walikuwa wakiigombea.

Siku moja Mpemba aliona nafasi inakwisha. Mwenzake mmoja aliamua kutochemsha kabisa maziwa yake, akachanganya sukari na kuyaweka moja kwa moja. Mpemba naye, kwa kuchelea kuikosa nafasi, aliyaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu walirudi kutazama. Maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda; ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito.

Alipomuuliza mwalimu wake wa fizikia sababu, alijibiwa kwamba jambo hilo haliwezekani na kwamba bila shaka alijichanganya mwenyewe. Kijana alikubali jibu hilo, lakini halikumtoka akilini. Baadaye alikutana na rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu mjini Tanga, ambaye alimweleza kwamba wao huweka mchanganyiko ukiwa wa moto kwa makusudi ili ugande upesi. Yaani jambo ambalo darasani liliitwa kosa, mtaani lilikuwa likiendesha biashara.

Mpemba alipofika Shule ya Sekondari ya Juu ya Mkwawa, Iringa, alilirudia swali lake katika somo la kupoa kwa vitu. Safari hii alipata dhihaka: aliambiwa kwamba hiyo ni fizikia yake mwenyewe, si fizikia ya ulimwengu. Wenzake walikigeuza kicheko hicho kuwa desturi, na kila alipokosea hesabu walimtania kwa jina hilo hilo.

Alichofanya baada ya hapo ndicho kiini cha habari hii. Alipoikuta maabara ya baiolojia iko wazi, alichukua vyombo viwili vidogo, kimoja akakitia maji ya bomba na kingine maji ya moto, akaviweka kwenye sehemu ya kugandishia ya jokofu na kusubiri. Barafu ilikuwa nyingi zaidi katika chombo cha maji ya moto. Hakuwa na nadharia yoyote ya kueleza sababu. Alikuwa na kitu alichokifanya kwa mikono yake, mara mbili, mahali pawili tofauti.

Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, alipotembelea Mkwawa na kukaribisha maswali, Mpemba alisimama na kuuliza lile lile, mbele ya wanafunzi waliokuwa wakicheka. Osborne hakuamini sana, lakini hakucheka. Alirudi Dar es Salaam na kumwagiza fundi wa maabara afanye jaribio hilo. Fundi alileta taarifa kwamba maji ya moto ndiyo yalianza kuganda, kisha akaahidi, kwa nia njema kabisa, kwamba ataendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi.

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha matokeo hayo katika jarida la Uingereza liitwalo Physics Education. Sehemu kubwa ya makala yao ni simulizi ya Mpemba mwenyewe: alichokifanya, alichoambiwa, alichokiona. Jambo lenyewe lilikuwa limewahi kutajwa na Aristotle, Francis Bacon na Descartes, lakini ulimwenguni leo linaitwa Athari ya Mpemba. Mwaka 2012 Chama cha Kemia cha Uingereza kilipoitisha shindano la kulieleza, majibu zaidi ya 22,000 yalipokelewa.

Ni haki kumwambia msomaji pia kwamba suala hilo halijafungwa. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walichapisha uchunguzi ulioonyesha kuwa matokeo hubadilika kirahisi kutegemea mahali kipimajoto kinapowekwa, na kwamba ushahidi wa athari hiyo katika maji ni dhaifu kuliko inavyodhaniwa. Wengine hawakubaliani nao. Hata hivyo, ubishi huo haumpunguzii kitu kijana wa Magamba. Hakudai kujua sababu; alidai ameona, na akataka wengine nao watazame.

Mfano wa pili unatoka kwa jirani, ingawa ulimwengu uliusikilizia Arusha. Mwaka 2002, baada ya njaa kuikumba Malawi, William Kamkwamba, aliyekuwa ameacha sekondari kwa kukosa ada, alikuwa akienda kwenye maktaba ndogo ya kijijini kwao, wilayani Kasungu. Kiingereza cha vitabu vya fizikia kilimshinda, hivyo akawa anasoma michoro kwanza, kisha anatafuta maneno yaliyoizunguka. Kwa fremu ya baiskeli, feni ya trekta, dainamo na mabomba ya plastiki aliyoyapasha moto na kuyanyoosha yawe mapanga, alijenga kinu cha upepo kilichowasha taa nyumbani kwao. Juni 2007 alisimama mbele ya mkutano wa kimataifa wa TED mjini Arusha akaeleza alichokifanya, kwa maneno machache sana. Ukumbi ulimshangilia.

Kinachosahaulika katika habari za Kamkwamba ni kwamba hakuanza na mnara. Alianza na kielelezo kidogo kilichozungusha mota ya redio, ili ajue kwanza kama wazo lenyewe linafanya kazi. Mhandisi yeyote angemsifu kwa hilo kabla ya kumsifu kwa taa.

Kwa watu wa Tabora, kujifunza kwa kushika si jambo geni. Kabla ya ukoloni, majembe ya chuma yaliyofuliwa kaskazini mwa Unyamwezi na nchi jirani yalikuwa bidhaa kubwa, yakibadilishwa kwa ng'ombe na kutolewa mahari, na yalisafiri katika njia zile zile zilizopitisha misafara ya pembe za ndovu. Hakuna mfua chuma aliyejifunza kujenga tanuru kwa kuelezwa. Alivukuta mivukuto ya mwingine kwa muda mrefu, akiona ni udongo gani unapasuka na ni mkaa gani unafaa.

Mkoa huo huo ndiko Mwalimu Julius Nyerere alikosoma sekondari kuanzia mwaka 1937, na ndiko alikofundisha baiolojia katika Shule ya St. Mary's baada ya kutoka Makerere. Katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la mwaka 1967 alilalamikia elimu iliyomtenga mwanafunzi na kazi za jamii yake na kumpima kwa mtihani pekee. Tatizo ni kwamba katika shule nyingi wazo hilo lilipungua likawa jembe na shamba la shule. Mwanafunzi alilima, mahindi yakavunwa, na hakuna aliyemuuliza kwa nini mstari mmoja ulizaa kuliko mwingine. Kwa miaka mingi pia, shule zisizo na maabara ziliwafanyisha watahiniwa mtihani mbadala wa vitendo, ambapo mtoto alieleza kwa kalamu jaribio ambalo hakuwahi kulifanya.

Ni kwa historia hiyo kwamba mkondo wa amali unapaswa kuangaliwa kwa matumaini na kwa jicho kali. Karakana inaweza kujengwa na vifaa vikaletwa, na bado mwanafunzi akatoka akiwa ametengeneza kiti kinachofanana na cha mwenzake bila kujua kwa nini miguu yake inayumba.

Turudi sasa Ziba, kwenye paa la bati, tuone kazi moja inavyoweza kumfikirisha mwanafunzi.

Hatua ya kwanza haihitaji fedha. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba huwa lita moja kamili. Paa la mita 10 kwa 7 lina mita za mraba 70. Wilaya ya Igunga hupata wastani wa mvua kati ya milimita 500 na 700 kwa mwaka. Tukichukua kiwango cha chini, paa hilo hupokea lita 35,000. Sehemu ya maji hurukia pembeni au hukauka juu ya bati. Tukikadiria kwamba moja ya tano inapotea, zinabaki lita 28,000.

Mwanafunzi akifika hapo hufurahi na kudhani kazi imekwisha. Lakini tuseme shule ina uwezo wa kununua tangi la lita 5,000. Tangi hilo litajaa baada ya mvua ya milimita 90 hivi, huenda kabla ya Krismasi. Maji yote yatakayofuata yatamwagika kama zamani, isipokuwa yale yatakayochukua nafasi ya yaliyotumika. Kwa hiyo kinachobana si mvua wala paa, ni tangi. Ugunduzi huo mdogo, ambao mwanafunzi huupata kwa kujumlisha na kugawanya, hubadilisha mchoro mzima.

Darasa la wanafunzi 40 wakitumia lita mbili kila mmoja kwa siku, tangi lililojaa litakwisha kwa siku 62 za masomo. Wakitumia nusu lita, ya kunywa tu, litafika siku 250. Kiangazi cha hapa huanza Mei na kuendelea hadi Oktoba, takriban siku 180. Hata zikiondolewa Jumamosi, Jumapili na likizo, zinabaki karibu 100. Maji ya kunywa yatatosha. Ya kunywa na kunawa hayatatosha.

Kisha inakuja mikono. Gata ikifungwa sawasawa kabisa na ukingo wa paa hupendeza kwa macho, lakini maji hutuama katikati na kumwagika. Inatakiwa ishuke kama sentimita moja kwa kila mita, yaani sentimita 10 kwa urefu wa darasa hilo, na asiye na pima maji anaweza kutumia mpira mwembamba wa plastiki uliojazwa maji, kama mafundi ujenzi wafanyavyo. Maji ya mwanzo huja na vumbi na vinyesi vya ndege, hivyo bomba la wima lililozibwa chini huwekwa kabla ya tangi: hujaa kwanza uchafu, na maji safi hupita juu yake. Likisahaulika kufunguliwa na kumwagwa baada ya mvua, halina kazi tena mvua ijayo. Nani atalifungua wakati wa likizo? Hilo nalo ni swali la uhandisi.

Katika maonyesho ya Young Scientists Tanzania, ambayo kwa mara ya kwanza kitaifa yalifanyika mwaka 2012, mwanafunzi husimama mbele ya bango lake na kuhojiwa na majaji. Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, MAKISATU, yaliyoanza mwaka 2019, nayo yamefungua mlango kwa shule za sekondari. Asiyekuwa na rekodi ya alichojaribu kikashindikana hukwama katika swali la pili au la tatu, hata kama kifaa chake kinang'aa.

Kwa sababu hiyo daftari la gata ya Ziba lingefaa kuwa na safu mbili: alichotarajia mwanafunzi, na alichokiona. Siku ya mvua ya kwanza, ya pili na ya tano, kina cha maji ndani ya tangi kipimwe kwa kijiti na kulinganishwa na hesabu. Kikiwa pungufu, atafute panapovuja kabla ya kuilaumu mvua. Kikiwa zaidi, achunguze upya vipimo vya paa.

Uamuzi kama maji ni ya kunywa tu au na ya kunawa, nao uandikwe kabla tangi halijanunuliwa. Tangi la lita 5,000 likijaa lina uzito wa tani tano, na likishakaa juu ya msingi wa matofali halirudishwi dukani.