Sura Takatifu Utaichora kwa Uso wa Nani?

Kama kazi yako hapo Shimoni ni kuchora sura za watu, wajua mteja hulipa akijiona mwenyewe. Ukitaka kuhamia picha takatifu, taabu huanzia hapo: Yesu haji kukukalia kitini. Utamchora kwa uso wa nani?

Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, Kilimanjaro, mwaka 1932, alisomea uchoraji Makerere. Miaka ya 1950 alikabidhiwa kuta za kanisa la Kianglikana la Murang'a, lililojengwa kuwakumbuka Wakikuyu Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Alichora picha tano kubwa, tangu kuzaliwa hadi kusulubiwa. Yesu wake ni Mwafrika, na nchi inayomzunguka ni ya Wakikuyu. Waliofiwa waliyaona mateso yale katika ardhi yao.

Waorthodoksi wana njia nyingine: mchoraji hufuata vielelezo vya mapokeo, habuni sura. Nao jirani zako Waislamu hawaweki sura ya kiumbe msikitini. Pambo lao ni maandishi.

Basi kabla hujachovya brashi, uliza picha itatundikwa wapi, na nani atasali mbele yake.