Shukrani Sahani Ikiwa Tupu



Je, mwenye njaa aweza kuamriwa kushukuru? Na tutazame jambo lililotokea Marekani, makoloni 13 yalipokuwa yakipigania uhuru wao kutoka kwa Uingereza.

Mwaka 1777, baada ya ushindi wa Saratoga mwezi wa Oktoba, baraza la wajumbe wa makoloni liliweka Alhamisi, tarehe 18 Desemba, iwe siku ya kumshukuru Mungu. Siku ile jeshi la George Washington lilikuwa safarini kwenda kambi ya majira ya baridi. Washington aliamuru watu wapumzike, na makasisi wa jeshi waongoze ibada. Askari mmoja, Joseph Plumb Martin, alieleza baadaye karamu waliyogawiwa: mchele kidogo, kama vijiko vinne, na kijiko kimoja cha siki. Kisha wakaenda kusikiliza mahubiri.

Kesho yake walifika Valley Forge, wakaanza kujijengea vibanda vya magogo. Tarehe 23 Washington aliliandikia baraza kwamba askari 2,898 hawawezi kazi kwa kukosa viatu na nguo. Kabla ya kambi kuvunjwa mwezi wa Juni, karibu watu 2,000 walikufa kwa maradhi. Je, nchi haikuwa na chakula? Kilikuwako, lakini magari ya kukileta yalikuwa machache, na usimamizi ulikuwa mbaya. Machi 1778 Nathanael Greene alikabidhiwa uchukuzi na vifaa, na hali ikaanza kupata nafuu.

Wapenzi, hapa twajifunza mambo mawili. Kwanza, shukrani haipimwi kwa kibaba. Nabii Habakuki, katika sura ya 3, aliazimia kumfurahia Mungu hata shamba na zizi vikiwa vitupu. Pili, anayewaita watu washukuru hana budi kuuliza wamekula nini. Yakobo, katika sura ya 2, atuonya juu ya maneno mema yasiyomvika mtu wala kumlisha.

Katika sikukuu ya mavuno twafurahia magunia yaliyoletwa mbele ya madhabahu. Lakini yuko mjane aliyeketi nyuma, mikono mitupu. Asione haya kuimba pamoja nasi; nasi tusikubali arudi nyumbani vile vile alivyokuja.

Na tuombe. Ee Bwana, utupe moyo wa kushukuru, na mikono ya kugawa. Amina.