Je, Wajua Funza Alikuja kwa Merikebu?

Mjini Thika, kando ya barabara iendayo Garissa, upo mtaa uitwao Kiandutu. Wengi wa ndugu zetu waliotoka pwani kwenda bara kutafuta riziki wanaujua mtaa huo, lakini si wote waijuao maana ya jina lake. Kwa Kikuyu, ndutu ni funza, yule mdudu ambaye Waswahili humwita pia tekenya. Kiandutu, basi, ni mahali pa funza.

La ajabu ni kwamba mdudu huyu aliyeupa mtaa jina si mwenyeji wa Afrika. Asili yake ni Amerika ya Kusini na visiwa vya Karibi. Wanahistoria waeleza kuwa mwaka 1872 merikebu ya Kiingereza, Thomas Mitchell, ilitoka Brazil ikatia nanga Ambriz, katika pwani ya Angola. Ilibeba mchanga wa farumi, ule uzito wa kukituliza chombo baharini, na mchangani mlikuwa na funza. Kutoka hapo alienea kwa misafara ya wapagazi, wafanyabiashara na askari. Karne ya 19 haijaisha, alikwisha kufika pwani yetu ya Bahari ya Hindi. Mdudu asiye na mbawa alivuka bara zima akibebwa katika nyayo za watu.

Umbo lake ni dogo mno, kiasi cha milimita 1. Jike ndiye ajichimbiaye katika ngozi. Akiisha kuingia huvimba hata akawa kama punje ya mbaazi, hutoa mayai zaidi ya 100, kisha hufia mle mle. Mayai huanguka chini na kukua katika vumbi na mchanga mkavu. Ndiyo sababu nyumba ya sakafu ya udongo huathirika zaidi kuliko ya saruji. Aidha mbwa, paka, nguruwe na panya humbeba pia.

Kwa hiyo wanaosema kuwa funza ni laana ya ukoo wanamdhulumu mgonjwa. Watoto wangapi huficha miguu yao, au huacha shule kwa kuchelea kuchekwa?

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni hatari ya sindano. Pini moja ikipitishwa mguu hata mguu yaweza kuambukiza homa ya ini na virusi vya Ukimwi, na kidonda kichafu chaweza kuleta pepopunda. Afadhali mgonjwa apelekwe zahanati, ambako zipo dawa za kupaka zimwuazo funza bila kuchokora.

Nyumbani, sakafu ya udongo na inyunyiziwe maji kabla ya kufagiwa, na watoto wavae viatu. Mwenye kutawadha huosha miguu yake kila siku. Basi na atazame pia vidole na visigino. Na mtoto akifika chuoni akichechemea, mwalimu amwite kando, amtazame miguu kwa faragha, kisha azungumze na wazazi wake kwa upole.