Tope Lina Maadui Wawili

Askari hodari humpima adui kabla ya kuchagua ngao; fundi wa pampu naye afanye vivyo hivyo. Mtambo wa urani wa Kayelekera, wilayani Karonga, kaskazini mwa Malawi, uliofunguliwa mwaka 2009, umeundwa usage mawe yawe tope, kisha tope litiwe asidi ya salfa. Hapo maadui ni wawili: mchanga hukikwangua chuma, asidi hukila. Mpira huyastahimili yote mawili, lakini changarawe yenye ncha huuchana na mafuta huuharibu. Chuma chenye kromiamu nyingi huishinda changarawe, bali asidi kali hukidhuru. Basi tusichague kwa bei tu: kipuri dhaifu husimamisha kazi, na pampu ikivuja, asidi humfikia mfanyakazi.