Barafu ya Iceland na Maua ya Embakasi

Mkazi wa Kaloleni au Makongeni atazamapo nyumba za mawe za Nairobi, ni mara chache afikiripo ya kuwa mengi ya mawe hayo ni majivu ya milima ya moto ya zamani, yaliyogandamana hata yakawa magumu. Lakini majivu hayo si mambo ya kale tu. Mwezi wa Aprili, 2010, yaliwafikia watu wa Eastlands kwa njia nyingine: hawakuyaona kwa macho, bali waliyaona mfukoni.

Tarehe 14 ya mwezi huo mlima uitwao Eyjafjallajökull, katika kisiwa cha Iceland, ulilipuka chini ya barafu. Barafu ndiyo iliyozidisha shida. Mpishi amwagaye maji katika sufuria tupu iliyopata moto sana huona jinsi yanavyoruka kwa kishindo na kugeuka mvuke. Vivyo hivyo maji ya barafu yalikutana na mawe yaliyoyeyuka kwa moto, yakageuka mvuke ghafula, na mawe yakavunjika-vunjika yakawa vumbi jembamba kama la kioo. Vumbi hilo lilipanda kilomita 9 hivi, na upepo ukalichukua mpaka Ulaya. Likiingia katika injini ya ndege huyeyuka na kuiharibu. Kwa hiyo katika nchi nyingi ndege zilikatazwa kuruka kwa siku 6 hivi.

Katika kiwanja cha ndege cha Nairobi, kilichoko Embakasi, maua na mboga za kwenda Ulaya zilirundikana hata zikaoza. Maelfu ya wafanyakazi wa mashamba ya maua waliambiwa wakae nyumbani. Na kibarua asiye na mzigo wa kupakia hana ujira wa siku.

Je, milipuko hubadili hali ya hewa? Ule wa Iceland haukuibadili sana, kwa sababu moshi wake haukufika juu ya kutosha. Lakini mlima Pinatubo wa Ufilipino, mwaka 1991, ulirusha gesi ya salfa juu sana, na dunia ikapoa kwa nusu digrii hivi. Kinyume chake, mlima Hunga wa Tonga, uliolipuka baharini mwaka 2022, ulirusha juu mvuke wa maji tani milioni 150 hivi. Na mvuke huzuia joto lisitoke duniani.

Basi asidhani mtu kuwa barafu ya mbali haihusiani na chungu chake. Maua huoza, lakini wahenga walisema: akiba haiozi.