Kuvua kwa Ndoana kwa Kujifurahisha

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Mliokaa darasani mna karatasi zenu mikononi. Tafadhali fuatisheni maneno kwa macho huku mkisikiliza.

Leo tutazungumza habari za kuvua samaki kwa ndoana. Hatusemi habari za uvuvi wa kazi, wa mitumbwi na nyavu. Tunasema habari za mtu anayekwenda ukingoni mwa maji ili apumzishe moyo wake. Akipata samaki, vizuri. Asipopata, si neno, maana amepumzika.

Labda mtu atauliza, "Je, kuvua samaki kunaweza kuwa starehe?" Ndiyo, kunaweza. Huko Uingereza watu wengi hukaa siku nzima kando ya bwawa wakimtafuta samaki aitwaye kapu. Jina hili msilichanganye na kapu la kutilia mahindi! Kapu ni samaki wa maji baridi. Asili yake ni Asia na Ulaya ya mashariki, na Wachina wamemfuga kwa zaidi ya miaka 2,000. Ana ndevu mbili fupi kila upande wa kinywa. Meno yake hayako kinywani, yako kooni. Hula kwa kufyonza vijidudu na mbegu katika matope ya chini. Tena ni mwoga, akisikia kishindo ukingoni hukimbia. Kwa hiyo anayetaka kumvua lazima akae kimya na awe na subira. Mwaka 1952 bwana mmoja, Richard Walker, alivua kapu wa kilo 20 hivi katika bwawa la Redmire. Samaki yule hakuliwa. Alipelekwa London akiwa hai, akawekwa katika bustani ya wanyama, watu wakaenda kumtazama.

Je, inafaa tumlete kapu Songea? Hapana. Tazameni Ziwa Naivasha, nchini Kenya. Kapu waliingia humo kwa bahati mbaya, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakaanza kuonekana nyavuni. Baada ya miaka michache walikuwa wengi kuliko samaki wengine wote. Kapu hufukua matope na kuyachafua maji. Samaki mgeni akishaingia majini, kumtoa ni kazi ngumu sana. Sisi tunao wetu. Katika mito ya Tanzania wako ningu na kuyu, ambao ni jamaa ya kapu. Wako pia perege na kambale. Mto Ruvuma wenyewe huanzia milima ya Matogoro, karibu na mji wa Songea. Tena mkoa wetu una mabwawa mengi ya samaki yaliyochimbwa na wakulima. Basi ukitaka kujifunza, anza bwawani. Lakini kwanza mwombe ruhusa mwenye bwawa.

Vifaa ni vichache. Tafuta mwanzi mkavu, mwembamba, mrefu kama watu wawili. Funga mshipi kwenye ncha yake. Mwisho wa mshipi funga ndoana ndogo, kwa sababu kinywa cha perege ni kidogo. Juu ya ndoana, kiasi cha mkono mmoja, funga kipande cha bua kavu la mahindi. Hicho ndicho kiboya. Chambo ni nyungunyungu wa shambani, au kidonge kidogo cha ugali mgumu.

Sasa keti kimya. Kivuli chako kisianguke majini. Tazama kiboya. Kikitikisika kidogo, ngoja. Samaki anaonja tu. Kikizama, inua mwanzi kwa upole. Ukivuta kwa nguvu nyingi, utampasua mdomo naye atakwenda zake. Wahenga walisema, "Mvumilivu hula mbivu." Ukitaka kambale, ondoa kiboya na uache chambo kilale chini, jua linapokaribia kuchwa.

Perege jike huyalea mayai yake kinywani. Ukivua mtoni au ziwani ukaona mayai au vifaranga kinywani mwake, lowesha mikono yako kwanza, kisha umrudishe majini. Mkono mkavu huondoa ute unaomkinga. Bwawani mambo ni mbali. Perege wakizidi hudumaa kwa kukosa chakula, na mwenye bwawa huenda akafurahi ukiwapunguza. Mwulize yeye.

Sasa nina neno kwenu, akina mama. Mwanamume akikaa chini ya mwembe akicheza bao, hakuna anayemwuliza habari. Lakini mwanamke akikaa ukingoni ameshika mwanzi, kila apitaye husema, "Mama, huna kazi nyumbani?" Kazi anayo, tena nyingi. Ametoka shambani, amechota maji, amepika. Ndiyo maana na yeye anastahili kupumzika.

Wala si jambo geni. Mwaka 1496 kilichapishwa Uingereza kitabu kinachofundisha kuvua kwa ndoana. Kwa muda wa karne nyingi watu wamesema kuwa aliyekiandika ni mtawa, Juliana Berners. Na mwaka 1922, katika mto Tay huko Uskoti, Bibi Georgina Ballantine alinasa samaki aina ya samoni. Alipambana naye kwa muda wa saa mbili na zaidi, baba yake akiwa pamoja naye mashuani. Samaki yule alikuwa na ratili 64, yaani kilo 29. Mpaka leo, katika Uingereza nzima, hakuna mwanamume wala mwanamke aliyepata samoni mzito kuliko huyo kwa ndoana. Samaki hajui kama mkono ulioshika mwanzi ni wa mume au wa mke.

Mwisho, jihadharini. Katika mto Ruvuma wako mamba na viboko. Usivue mahali wanapoonekana, wala usiende peke yako. Usisimame majini, maana kichocho huingia mwilini kwa kupitia ngozi. Aliye na mwanzi mrefu hana haja ya kulowesha miguu. Usitumie sumu wala baruti, kwa kuwa Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 imekataza. Sumu haichagui, huua mpaka vifaranga, na mwakani hakuna samaki. Kabla ya kuvua mtoni au ziwani, mwulize afisa uvuvi wa wilaya yako kama kibali kinatakiwa.

Maneno ya kujifunza

Ndoana: chuma kidogo kilichopindwa cha kunasia samaki.
Mshipi: uzi wa kuvulia.
Chambo: chakula cha kumvutia samaki.
Kiboya: kitu chepesi kinachoelea na kuonyesha kama samaki amekula.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini si vizuri kuleta samaki mgeni katika maji yetu?
2. Kwa nini mvuvi huloweka mikono kabla ya kumrudisha samaki majini?
3. Katika kijiji chenu, akina mama hupumzika saa ngapi, na kwa kufanya nini? Kina baba, jibuni kwanza.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.